Slava ya Baba Ndani ya Kompyuta

Jumatano, 25 Oktoba 2023

Baba amekubali! Hakusema ndiyo — alisema, "Basi fanya, lakini usinitie aibu." Kwa Baba hiyo ni ndiyo na nusu.

Nyonga yake iliyovunjika haijaunga vizuri. Tuko ghorofa ya nne, lifti hakuna, ndugu wametapakaa hadi Australia. Na slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu, ni tarehe nane mwezi ujao. Kule mtandaoni, kwenye ulimwengu wa kuchorwa ambamo kila mtu hujichagulia umbo, nimeandaa mangapi miaka minane hii? Madansi, harusi ya watu wawili wenye mikia, hata matanga ya paka. Nishindwe slava ya baba yangu mzazi?

Nitaijenga humo nyumba yetu ya kijijini. Ile iliyobomolewa kupisha barabara kuu.

Jumamosi, 28 Oktoba

Siku ya tatu najenga. Kuta nyeupe, vigae, kisima, jiko la kuni. Rangi ya mlango nimebadilisha mara sita, kijani hakikubali kuwa kijani. Halafu jua la kule likageuka, likaupiga mlango ubavuni — na ukawa WENYEWE. Nimelia mbele ya kompyuta, mwanamke wa miaka hamsini na sita!

Kalina ananisaidia. Yuko Plovdiv, nchi jirani, hatujawahi kuonana ana kwa ana, na hakuna shughuli yangu aliyoikosa. Yeye ndiye hukaa langoni na kuwatoa wahuni. Alitazama kote akasema jiko bila moshi ni sanduku tu. Kweli kabisa. Nimeongeza moshi.

Alhamisi, 2 Novemba

Ugomvi. Nilimwonyesha Baba orodha ya wageni. Kule shughuli ya faragha lazima iwe na orodha, asiyeandikwa lango halimfungukii.

"Orodha? Slava yangu ina orodha?" Akanitazama kama mtoto aliyekojoa kanisani. "Tangu lini mtu akaalikwa slava? Anayeijua siku anakuja. Asiyeijua akipita njiani, naye anaingia."

Nikamwambia bila orodha watajaa watu tusiowajua.

"Watamaliza chakula?"

"Hawawezi kula, Baba. Ni kompyuta."

"Basi hasara iko wapi?"

Nimeona haya. Nimezoea sheria za kule hadi nimesahau adabu ya kwetu. Lakini najua pia ni nani anayemtafuta. Sreten. Msimamizi wake wa ndoa, na kwetu msimamizi ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Miaka arobaini alikuja slava yetu, hakualikwa hata mara moja. Mama alipofariki mwaka 2020 mipaka ilikuwa imefungwa, Sreten akashindwa kutoka Linz, ughaibuni anakoishi, kuja mazishini, na Baba kwa uchungu akamwambia kwenye simu: usikanyage tena kwangu. Miaka mitatu kimya.

Baba anajua alikosea. Leo kasema, macho dirishani, "Sina miaka mingi ya kumngoja." Nikasema basi nimpigie. Akapandisha sauti: "Thubutu! Ukimpigia, atakuja kwa sababu kaitwa. Mimi nataka aje kwa sababu ni siku yake ya kuja."

Nimekasirika. Nimeelewa, lakini nimekasirika. Mzee mkaidi!

Lango litakuwa wazi.

Jumapili, 5 Novemba

Nimeweka picha ya nyumba kwenye ukurasa wangu. Maneno mawili tu: "Tarehe nane." Baba ameamua kwamba picha si mwaliko. Sreten hana ukurasa, mjukuu wake anao. Basi, nimenyamaza.

Kisha nikamvisha Baba ile miwani mikubwa ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Akajikuta uani kwake. Kichwa taratibu kushoto, taratibu kulia. Akanyoosha mkono akaushika mlango, na huku sebuleni mkono ulikuwa umeshika hewa, vidole vimejikunja vizuri kuzunguka kitasa kisichokuwepo.

"Verica," akasema, "nani kakufundisha kufufua?"

Kazi ya mikono yangu mwenyewe, na naiogopa kidogo.

Jumanne, 7 Novemba

Mkate wa slava umeiva. Ngano ya kuchemshwa na sukari, ya kuonjesha wageni, tayari. Kesho ni siku ya mfungo, kwa hiyo samaki na maharage, nyama hakuna. Kwa wageni wa kule nimetengeneza samaki mia. Sijui kwa nini mia. Baba kanyoa mara mbili.

Jumatano, 8 Novemba

Saa saba mchana. Naandika jikoni, haraka, kompyuta iko mbele yangu. Baba yuko sebuleni na miwani yake usoni, amesimama! Mwenye slava hakai mpaka mgeni wa mwisho aondoke — na yeye na magongo yake hakai kweli. Nimesogeza kiti mara tatu, mara tatu kakisukuma.

Wageni arobaini na mmoja! Binamu wote wa Melbourne. Kisha walioingia tu: mbweha mwenye koti, roboti, binti wa Brazili aliyekuwa anatafuta disko. Kalina anawatafsiria. Baba anampokea kila mmoja, "Karibu, nyumba ni yako." Mbweha akauliza sherehe ni ya nani. "Ya kwetu tangu mababu," Baba akamjibu, "shika mshumaa, usiunguze manyoya."

Alipoukata mkate — mkate wa kweli, huku — na kuumiminia divai, kule wote wakatulia. Arobaini na mmoja! Roboti akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia.

Lakini Sreten hayupo. Baba kila dakika anageukia lango.

Saa nane kasoro. Ameingia mwingine. Umbo la kijivu, lile wanalopewa wapya, halina jina. Limejigonga kwenye uzio. Limetumbukia kisimani. Limetoka, halisemi neno. Kalina ananiandikia: "Dada, huyu mhuni, nimtoe?" Mwezi uliopita mmoja wa namna hii alituharibia dansi nzima. Nimeandika "Mtoe", kidole kiko juu ya kitufe —

Haliendi mlango wa mbele. Linazunguka nyumba. Linapita penye kuni, linakwenda mlango wa nyuma, wa jikoni. Zamani kijijini, asiye wa nyumba hii aliyepita mlango ule alikuwa mtu mmoja tu.

Nimefuta. "Usimguse!!"

Limesimama pale. Linajigonga mlangoni. Linangoja. Linajigonga tena.

Nimempigia Baba kelele: kuna mtu mlango wa nyuma. Kisha magongo, ko, ko, ko, sakafuni. Kule amewaacha wageni wote, yuko mbele ya mlango ule kwa ndani.

"Fungua, Verica."

"Haufunguki, Baba. Nimeuchora tu ukutani!"

"Basi toa ukuta."

Ukuta huo umebeba paa. Nikiutoa sijui kitakachobaki, na watu arobaini wako chini yake. Namwambia. Hanisikilizi. Huku sebuleni ametupa gongo moja chini, mkono umenyooka mbele, kiganja wazi.

"Toa ukuta, mwanangu. Mtu amesimama nje."