Mfuko wa Mama Delphine

Kambi ya Wafanyakazi,
Lubumbashi, Shaba.
Tarehe 14 Novemba 1976

Mpendwa mdogo wangu Ngosa,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mimi yaya wako, dada yako mkubwa, hadi kuku wawili waliobaki. Je, huko Bukavu u mzima? Baridi inakuacha ulale? Kifua hakijaanza tena kukubana? Nijibu haya kwanza kabla ya kuniandikia habari za maprofesa. Nakujua, ukianza masomo unasahau kwamba una mwili.

Picha yako ilifika. Shemeji yako Kalaba ameiweka juu ya redio, na kila mgeni lazima aitazame kabla hajakaa. Umesimama mbele ya chuo na madaftari kifuani, uso umeukaza kama mtu anayengoja hukumu. Cheka kidogo, jamani! Mwalimu asiyejua kucheka atawatisha watoto wa watu. Mwanangu Bijou anamwambia mdogo wake Kapya kwamba yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuketi darasani mwako.

Sasa afya yangu. Nilikuandikia kwamba ni malaria. Si malaria. Ni uvimbe kwenye ini, na daktari anasema hauwezi kukatwa. Alimweleza Kalaba kwa Kifaransa mbele yangu, akidhani sisikii, kumbe Kifaransa nilikipata kwa kukusikiliza ukikariri masomo jikoni miaka yote ile. Nilimwona Kalaba anatafuta uongo wa kunitafsiria, nikamwonea huruma, nikamwambia twende nyumbani.

Sitaiona Pasaka, Ngosa. Naandika hivi wazi kwa sababu hakuna mwingine atakayekuandikia wazi. Lia kwanza, kisha uendelee kusoma, maana jambo lenyewe bado.

Jumapili iliyopita Mjomba Mukuka alifika kutoka Kasenga, pamoja na wazee wa upande wa Kalaba. Walikaa sebuleni, mimi nimelala chumbani, na kuta za nyumba hizi unazijua. Mjomba akasema, "Mwansa akienda, Ngosa iko. Akuje ku kilio, tutamuikalisha pa mukeka ya yaya yake. Masomo itamungoja." Kalaba akasema, "Ule mutoto alikulia mu nyumba yangu, Mjomba. Iko sawa mutoto wangu." Mjomba akamjibu kwamba watoto wake ni wawili tu, na hao ndio watakaohitaji mama wa damu yao. Nikasikia Kalaba anawaongezea chai. Si mtu mbaya, unamjua, lakini mbele ya wakubwa hapana yake hukwama kooni.

Nikuambie na lililo baya. Niliposikia vile, kwa muda mfupi nilifurahi. Niliiona mikono yako inamwogesha Kapya, nikaona hata kufa kunapungua ukali. Halafu nikageuza kichwa, macho yakaangukia ule mfuko wa turubai nyuma ya mlango.

Hadithi yake umeisikia nusu nusu, acha nikupe yote. Mama Delphine, mama aliyekuzaa wewe, alikuja na mfuko huo kwenye kilio cha dada yake, yaani mama aliyenizaa mimi. Alikuwa anasoma kwa masista. Alibeba nguo za siku chache tu, na kitabu kimoja asije akaachwa nyuma darasani. Wakamketisha kwenye mkeka wa marehemu, wakamwambia kwamba tangu sasa baba ni mume wake. Shuleni hakurudi tena. Alinilea bila ubaguzi, akakuzaa wewe, na mtu asiniambie kuzaliwa kwako ni kosa. Lakini kila Septemba, shule zikifunguliwa, aliufua ule mfuko, akauanika, akaurudisha nyuma ya mlango. Hata mara moja hatukumwuliza kwa nini, na sasa amelala makaburini hatuwezi tena.

Nilimwomba Mjomba amfunge Kalaba ushanga mweupe, kama zinavyofanya familia zisizo na msichana wa kutoa, roho yangu imwache na mambo yaishe. Akasema ushanga haupiki bukari, na watoto hula ugali kila siku. Basi, sisubiri tena ruhusa yake.

Sikiliza vizuri. Itakuja telegramu. Haitasema nimekufa. Itasema Mwansa mgonjwa sana, anakuita, njoo upesi. Usiiamini. Mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, nimekuambia usije. Wala kwenye mazishi, wala siku ya kumaliza kilio. Watasema huna moyo, watasema shule imekuharibu, na maneno hayo yatakuchoma. Waache waseme. Ukitaka kunililia, nililie huko huko, asubuhi uoge uende darasani.

Kuhusu watoto, Régine, dada wa Kalaba ambaye hakujaliwa kuzaa, amekubali kuwachukua. Si sawa na wewe, na inaniuma sana. Lakini anawapenda, na Bijou ameshazoea kulala kwake.

Natamani kukuona. Nikisema sitamani nitakuwa mwongo, na sina muda wa uongo tena. Kila mlango ukigongwa nafikiri ni wewe, halafu namshukuru Mungu kwamba si wewe.

Bijou anakusalimia na anataka kalamu nyekundu. Kapya anakusalimia kwa kelele, maneno bado. Kalaba pia anakusalimia, bila kujua ninachoandika. Msalimie mama mwenye nyumba unayopanga, mwambie nimemshukuru kwa blanketi. Mungu akupe kichwa chepesi na miguu mizito.

Donat wa reli amekubali kukufikishia barua hii mkono kwa mkono, pamoja na mfuko. Ndani nimeweka karanga, samaki wakavu na sweta nililofuma. Mkono mmoja umezidi mwingine, usinicheke, vidole havinitii siku hizi. Vitoe vitu vyote, uufue mfuko, utie vitabu vyako. Mama Delphine aliuweka tayari kwa shule maisha yake yote. Sasa umefika. Usiurudishe huku.

Yaya wako akupendaye hata nikinyamaza,
Mwansa