Zile Gramu Mia Nne

Mwaka mzima umetimia tangu utuache, Sindano, na nyumba bado haijazoea.

Ile mashine yako ya kufanyia mazoezi ya makasia tuliiondoa ukumbini mwezi wa tatu, tukawapa wanafunzi wako. Baba yako angali anainua mguu akipita pale, kukwepa chuma ambacho hakipo. Mama naye anasikia gurudumu la mashine hiyo kila alfajiri. Linavuma, linavuma, kisha linatulia kidogo, kama ulivyokuwa ukitulia kunywa maji. Siku hizi haendi tena kuangalia. Anasema akienda linaacha, na yeye hataki liache.

Jina la Sindano alikupa Baba, fundi cherehani, kwa sababu ulikuwa mwembamba na hukukaa mahali pamoja. Ulianza kupiga makasia ukiwa na miaka kumi na sita, na kwa miaka kumi na miwili ulivaa rangi za taifa. Ulishindana katika nchi tisa. Kila moja ulituletea sabuni za hoteli, mpaka Dada akasema familia hii haijawahi kuoga kwa hela yake. Tukikuuliza umeona nini huko, ulijibu, "Maji, na nilikotoka." Ndivyo mchezo wenu ulivyo. Mtu anakaa kinyume na safari yake, anaona anakotoka, anakokwenda hakuoni, anakuamini tu.

Ulikuwa na mikono migumu na roho laini. Hukumpita mtu aliyebeba chombo cha makasia bila kutia bega, hata ulipokuwa bingwa na wadogo zako kimchezo wakikukataza. Wanaoogopa maji walikupenda zaidi. Ulikaa nao ukingoni, miguu ndani ya maji, mkapiga soga za mambo mengine kabisa, mpaka wakasahau kilichokuwa kikiwatetemesha.

Ulishindana katika kundi la uzito mwepesi. Mwisho ni kilo hamsini na tisa, na aliyezidi hapandi chomboni. Kwa hiyo ukaishi na mizani kama wengine wanavyoishi na mume mkali. Asubuhi hukuitika salamu ya mtu kabla hujapimwa. Ulisafiri nayo, umeiviringisha ndani ya sweta, kwa kuwa mizani za wenyewe, ulisema, zina umbea.

Kisha ukaja mwaka ule wa mashindano ya dunia, ambao kocha wako alisema medali unaiokota tu. Nyumbani tulikuona unakwisha. Ulianguka kwenye ngazi mara mbili, na mara zote mbili ukasema umeteleza. Tukakupeleka uwanja wa ndege tukicheka, kila mmoja wetu na lake moyoni.

Siku ya kwanza, kabla ya mbio za mchujo, ulipanda mizani ya waamuzi na nguo yako ya mashindano, kama sheria inavyotaka. Ulizidi gramu mia nne. Mizani yako asubuhi ile ilikuwa imekuambia uko salama, ndiyo maana ulikwenda dakika za mwisho. Ukavaa majaketi mawili ukakimbia kuzunguka uwanja ili zitoke kwa jasho, muda ukaisha ungali unakimbia. Mbio zilipigwa bila wewe. Uliporudi ulisema neno moja tu, "Nilizembea." Mwaka uliofuata ukaacha mashindano, ukawa mwalimu wa wanaoanza.

Miaka sita ulilitafuta kosa lako. Tulikukuta mezani na daftari la chakula, kidole kikishuka mstari kwa mstari, ukijumlisha upya. Tuliondoka taratibu, tukarudisha mlango.

Ugonjwa wa mapafu ulikuchukua kwa siku nne. Mchana wa mwisho ulifumbua macho, sisi watatu tukiwa tumekizunguka kitanda, ukauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi zile mia nne zilitoka wapi?"

Mama akasema, "Pumzika, mama." Hatukutazamana. Kila mmoja alidhani umemuuliza yeye.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula, tulikaa kuandika tangazo hili la kumbukumbu yako gazetini. Dada yako ndiye aliyeshika kalamu. Alipoandika kwamba ulikuwa na upendo, tukakubali. Alipoandika kwamba kosa la siku ile lilikufundisha nidhamu, Mama akamshika mkono.

"Futa hiyo," akasema. "Nilimchanganyia maziwa ya unga kwenye unga wake wa uji. Kopo zima, lile alilosafiri nalo. Mtoto alikuwa anakufa mbele yangu."

Baba aliisugua meza kwa kidole gumba. "Nguo ya mashindano niliishona mimi," akasema. "Nilimwekea bitana ya pili, na sponji. Alikuwa na vidonda vya kiti, anakaa upande. Na mimi nilijua wanapimwa nayo. Nikasema, kitambaa kina uzito gani?"

Dada akaiweka kalamu chini. Yeye kazi yake ni duka la dawa, anazijua mizani. "Kuna kigurudumu cha kurekebishia, chini ya ile mizani yake," akasema. "Nilikizungusha nyuma kidogo. Nilitaka aone amepungua, ale."

Basi, Sindano, tukaanza kugombania. Ungekuwepo ungetucheka. Baba alidai mia mbili, Dada akasema bila yeye ungegundua mapema, kwa hiyo zote ni zake. Mama akapiga meza. "Acheni kunipunguzia. Mimi ndiye niliyemlisha." Watu wazima watatu, wanavutania vitu ambavyo kwa miaka saba kila mmoja alivificha. Hatukufikia mwafaka. Hakuna atakayejua nani alizidisha ngapi, na aliyekuwa anajua kujumlisha ni wewe.

Tungekuambia siku yoyote. Tungekuambia pale mezani, penye daftari. Tulikuwa tunaogopa utatuchukia, tukaona afadhali ujichukie mwenyewe. Ndiyo hivyo, hatuna namna ya kulipamba.

Na siku ya mazishi yako, kiongozi wa chama cha mchezo alisimama akasema kwamba uzembe wa siku moja ulikufanya mwalimu bora. Ninyi mnaosoma, mlikuwepo wengi mlioyasikia hayo, na mlituona tukitikisa vichwa kukubali. Tunaomba mliokuwepo mtusome leo. Mtoto wetu hakuzembea hata siku moja. Alikula alichopaswa kula, alifanya kila alichoambiwa, akaiamini mizani yake na akatuamini sisi.

Kosa halikuwa lako, mwanetu. Lilikuwa letu, na tulikuacha ulibebe peke yako mpaka kaburini.

Wanaokukumbuka na kukuomba radhi: baba yako fundi, mama yako, na dada yako. Anakukumbuka pia kocha wako, ambaye haya anayasoma hapa kwa mara ya kwanza.

Tutakukumbuka siku zote, hata siku ambazo hatutaki.