Kisanduku cha Mwangwi

3 Februari 1987

Mdogo wangu Bwana Waya,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, isipokuwa miguu ya Mama, inazidi kumgomea. Wewe je, na baridi ya huko? Wifi na watoto hawajambo?

Nina kazi yako. Nimemhamishia Mama chumba cha mbele, na ndani ya kabati lake, usawa wa mto, nimekuta kile kidude cha Baba tulichokuwa tunakatazwa kukigusa. Kina umbo la debe, cheusi, kizito ajabu. Juu kina kitufe cha kuzungusha kama cha redio, na ubavuni kijisaa chenye mshale mmoja. Waya wa umeme hakina. Nimemuuliza Mama ni nini, kasema, "Kiache kinitazame." Wewe unashinda na mavyuma ya vita huko makumbusho, niambie. Kisije kikawa bomu tukaondoka na paa.

Dada yako

19 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo zangu kwa Mama. Mafua yamenishika, lakini mzigo nabeba. Wifi yako anakusalimu.

Si bomu, tulia. Kama kuna kijiti cha shaba kimechomoza upande wa pili, basi hicho ni kisanduku cha mwangwi. Wakati wa vita mafundi wa rada walikitumia kupima kama rada inafanya kazi sawasawa. Kinameza mawimbi ya rada, kisha kinayarudisha kidogo kidogo, hadi rada inadhani imeona kitu, kumbe hakuna kitu. Mshale ukinyanyuka, ujue rada iko hai. Hakihitaji umeme. Kinaishi kwa kutazamwa.

Tunacho kimoja hapa, nataka kujua kama ni ndugu. Chini ya mshale kuna kifuniko cha skrubu. Kifungue. Ndani utakuta kipande cha fuwele kama ncha ya kidole, ndicho kinachogeuza mawimbi kuwa umeme wa kusukuma mshale. Niandikie alama zake.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Pole na mafua. Huku mvua zimeanza, Mama anakohoa kidogo.

Kijiti kipo. Kifuniko nimekifungua kwa kisu cha jikoni, na ndani hamna kitu. Tundu tupu, vumbi tu.

Nikamtania Mama, "Mali ya Baba imeng'olewa jino." Hakucheka. Akaniuliza nimefungua kwa ruhusa ya nani. Baadaye akasema, "Mshale huwa unanyanyuka."

Inawezekana? Nijibu bila kumung'unya maneno.

Dada yako

27 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha Mama kimepungua.

Haiwezekani. Bila fuwele, mshale haujaunganishwa na chochote. Na hata ingekuwepo, rada za aina ile zilivunjwa kabla sijajifunza kutembea.

Mimi naona hivi. Yule fundi mwenzake Baba, aliyebaki bandarini siku meli yao yenye rada ilipoondoka na Baba isirudi, ndiye aliyemletea Mama kisanduku. Atakuwa aliitoa fuwele, halafu kwa huruma akamdanganya kwamba mshale ukinyanyuka, Baba anamtafuta. Mtoto wa watu akakodoa macho maisha yake yote. Usimwambie, dada. Nakuomba sana.

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi si wazima sana.

Barua zako humsomea Mama kwa sauti, sikuwahi kukwambia. Nilipofika hapo uliponiomba nisimwambie, nikanyamaza. Akasema, "Malizia." Hakukuwa na cha kumalizia, nilikuwa nimeshasoma yote.

"Hakunidanganya," akasema. "Fuwele aliitoa mbele ya macho yangu, kwa kuwa ilikuwa mali ya jeshi. Nilikuwa na mimba ya mdogo wako. Nikamuuliza, sasa mshale utanyanyuliwa na nini? Akasema, hautanyanyuka tena, shemeji. Kiweke tu, ndicho cha mwisho alichokishika. Kwa hiyo ulipoanza kunyanyuka, ningemwambia nani?"

Anasema mara ya kwanza ilikuwa asubuhi uliyozaliwa. Kisha siku uliyosafiri. Siku hizi ni kila mchana. Ameniomba nikiweke mezani, upande wa miguu, akione akiwa amelala. Mimi napita chumbani nikiwa nimekipa mgongo. Naogopa kuuona ukinyanyuka, na naogopa nikiangalia nisiuone.

Leo amekataa chakula. Nilikuwa nampangusa uso, akatazama kule mezani juu ya bega langu, akasema taratibu, kama anayemjibu mtu aliyeko mlangoni, "Nakuja."

Njoo, mdogo wangu. Vifaa vyako viache huko.

Dada yako