Mke Wangu Hataki Kujifungulia Kwenye Kituo Changu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nyumbani hakukaliki. Mimi ni mganga mfawidhi wa kituo kidogo cha afya, tuliambiwa tubane matumizi na mimi nikabana kweli, mkunga nikamtoa nikamweka dirishani agawe kadi kwa sababu kuna siku alikuwa anakaa tu kusubiri uchungu wa watu, chumba cha kujifungulia nikakifanya stoo ya viti vya mikutano, na wale akina mama wahudumu waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani mjamzito na nani anakohoa nikawaachisha, maana kuzunguka hata mbuzi anazunguka, wakubwa wakaja wakanipongeza mbele ya watu, na sasa mke wangu mimba imetimia anafunga mizigo aende kwa mama yake, safari ya kutwa nzima kwenye basi, nikimwambia kituo si hiki hapa nyuma ya nyumba ananijibu, "Nikazalie juu ya viti vyenu?" na mama mkwe kwenye simu anacheka, nifanyeje anielewe?

Mfawidhi Aliyefedheheka

JIBU

Mfawidhi, hongera kwa kugundua kwamba kituo cha afya huwa nafuu sana kikishatolewa afya. Ungefunga na mlango wa mbele wangekupa kombe.

Mkeo amekuelewa vizuri, ndiyo maana anafunga mizigo. Kusubiri ndiyo kazi ya mkunga, baba. Uchungu haupangi foleni. Na hao uliowafananisha na mbuzi ndio waliokuwa wanawakuta wagonjwa wangali wanatembea. Siku hizi wanakufikia wamebebwa, unawapakia kwenye gari kwenda hospitali kubwa, halafu unashangaa mafuta yanaishia wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe fundi wa kuziba umemfukuza.

Lakini pole. Mimba imetimia na basi la kutwa nzima, hata mimi naogopa.

Basi leo hii toa viti. Sugua sakafu mwenyewe, mkunga akikusimamia. Warudishe wale akina mama na uwaombe radhi kwa lile la mbuzi. Ukiona mkono unawasha kubana, bana mikutano. Kisha mwite mkeo akague. Akisema bado, mbebee begi, panda naye basi, na usifungue mdomo njia nzima.

Wake wa wenzako wamesafiri hivyo hivyo tangu siku uliyopongezwa, na sikupata barua yako.