Profesa Aliyewatetea Wagomaji wa Reli

Fairfield, Sydney

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Lushoto? Mara ya mwisho tulipozungumza nilimsikia Mama akikohoa, na tangu hapo moyo haujatulia, maana siku hizi kikohozi hakina mzaha. Mimi ni mzima, ingawa upande wetu wa mji umefungwa kwa sababu ya ugonjwa huu. Askari wanapita mitaani, helikopta zinazunguka juu ya mapaa, na ukitoka lazima uwe na sababu.

Uliniuliza huyu profesa wa Kimarekani ninayemwandikia tasnifu, aliyekufa zamani, ana nini hata nimfuate mpaka Australia, simu ikakatika. Ngoja nikujibu vizuri.

Alikuwa mtoto wa mhubiri maskini. Baba yake alitaka naye ahubiri. Yeye akaenda Ujerumani kusoma uchumi, akarudi akiamini kwamba elimu hiyo ni ya kumtetea anayetoka jasho. Akapata uprofesa kwenye chuo kilichojengwa kwa fedha za matajiri. Kisha wafanyakazi wa reli wakagoma, naye akasimama ukumbini akasema waziwazi kwamba wana haki. Tajiri mmoja wa baraza la chuo alimsikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kumpa mkono. Haukupita muda, profesa akawa hana kazi, na ana mke na watoto wadogo.

Alihangaika sana. Mwishowe chuo kingine kikamwita, na mkuu wake akamuuliza kama bado anayasimamia maneno yale. Akajibu kwamba alisema kwa pupa. Akapewa kazi, akafundisha kwa heshima mpaka uzeeni, wala hakuutaja tena mgomo hadharani. Kwenye tasnifu yangu niliandika kwamba alikuwa mwoga.

Sasa sikia yaliyonipata. Unajua nafanya kibarua kwenye ghala la vyakula huko Wetherill Park. Napanga maboksi na Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, anayenilisha kama mwanawe. Siku moja alikuja anatetemeka. Nikamsihi arudi nyumbani.

"Zuhura, kifua inaniuma," akasema, "lakini nikienda, batanifukuza."

Nikaenda naye kwa msimamizi. Akasema hana mtu wa kuziba nafasi, amalize zamu. Aliimaliza akiwa ameegemea maboksi. Kesho yake gari la wagonjwa lilimchukua, na wenzetu wengine wakaanza kuugua.

Watu wa afya walitupigia simu kutuhoji. Wenzangu walisema hawakuona kitu, na siwalaumu. Mimi nilieleza nilichomsikia msimamizi akisema. Tangu hapo sikupangiwa zamu.

Juzi meneja akanipigia mwenyewe, kwa upole kabisa. Akasema ghalani kuna kelele, huenda nilisikia vibaya, na nikikubali hivyo nitarudi kazini Jumatatu.  Baba, niliwaza kodi ya chumba, niliwaza viza. Ulimi ulikuwa umeshaanza kutafuta neno la kukubali.

"Nilisikia vizuri," nikamwambia.

Akakata simu. Nikaimalizia chai yangu, ilikuwa imeshapoa.

Mama Furaha ametolewa kwenye mashine ya kupumulia. Bado yuko hospitali, haturuhusiwi kumwona, lakini anaongea kidogo kwa simu. Kazi ya ghala ndiyo imekwisha. Chuo kimenipa vipindi vichache vya kufundisha mtandaoni, na watu wa kanisa la Mama Furaha wananiletea unga mlangoni, ingawa wanajua mimi ni Mwislamu. Njaa sina.

Mwalimu wangu wa chuo ameona nimelifuta lile neno "mwoga", akauliza ushahidi mpya nimeupata wapi. Ushahidi mpya sina, Baba, ila simu ile ya meneja. Yule profesa aliulizwa watoto wake wakiwa na njaa. Mimi niliulizwa nikiwa peke yangu na kikombe cha chai.

Nisalimie Shangazi anayewauguza, na kaka Idi na cherehani yake. Mama usimwambie habari za ghala. Mwambie nimepata nafasi zaidi ya kusoma, na wala si uongo.

Mungu awakinge,

Binti yako,
Zuhura