Muhuri wa Nyumba ya Tano

Osaka, mwezi wa pili, siku ya 5

Mdogo wangu Heiroku,

Salamu. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Ikeda? Mimi sinyanyuki tena; binti yangu Oito hunilisha uji.

Moto ule wa miaka kumi na mmoja iliyopita haukuanzia jikoni kwako. Ulianzia ghalani kwangu, kwenye makaa niliyoyaacha nikikausha karatasi. Wewe ulikuwa Kyoto, na muhuri wako nilikuwa nao mimi. Watawala wetu wenye panga ni wachache mjini. Hututawala kwa mihuri yetu wenyewe. Askari wa liwali walipozitaka nyumba zetu tano zinazodhaminiana zitoe ushahidi mmoja, niliogopa kuvuliwa uzee wa mtaa. Nikaandika jina lako. Majirani watatu walijua, wakagonga mihuri yao. Wako niliugonga mimi. Ukafukuzwa mjini kama mtu aliyekiri.

Nataka kumpelekea liwali ukweli kabla sijafa. Niambie nifanye nini.

Kaka yako,
Tokuemon

Ikeda, mwezi wa pili, siku ya 12

Kaka,

Salamu, na pole kwa kuugua. Kifua kipo, kinakohoa.

Nilijua tangu siku ile. Nilinyamaza kwa sababu ushahidi wa uongo huiletea adhabu kila nyumba iliyougongea muhuri, na mama alikuwa akiishi kwako. Leo yupo Oito. Ukisema, watamshika yeye, maana wewe utakuwa umeshatorokea kaburini. Nyamaza. Miaka yote hii nimekuchukia kwa utulivu, usinivurugie sasa.

Choma barua hii. Safari hii angalia makaa.

Mdogo wako,
Heiroku

Osaka, mwezi wa tatu, siku ya 20

Baba mdogo, shikamoo. U mzima? Baba ametutoka.

Barua yako alinitaka nimsomee mara mbili, kisha akaniachia mimi niamue, maana adhabu ingekuwa yangu. Nikawaita majirani. Nikawaeleza kwamba Baba anataka kumwandikia liwali ukweli. Ndipo Mosuke, fundi mapipa, akasema, “Kila siku nazunguka nisipite kwenye kiwanja cha Heiroku. Nimechoka kuzunguka. Lete wino.” Wakagonga wote mihuri yao kwenye barua ya Baba. Baba alifariki siku ya tatu baadaye, liwali akiwa hajatuita bado.

Jina lako limerudishwa kwenye daftari la mtaa. Sisi wakuu wa nyumba nne, mimi mahali pa Baba, tumetiwa pingu, kila mtu kwake, siku hamsini. Pingu zimebandikwa karatasi yenye muhuri wa liwali, na askari hupita kuikagua. Nisamehe mwandiko.

Njoo, baba mdogo. Katika nyumba zote nne hakuna mkono ulio huru kuwasha moto.

Mwanao,
Oito