Ukuta wa Chumba cha Mama

Jumatatu, 10 Januari 1977

Fundi Kihwele hajaja tena. Nimechemsha chai ya watu wote, nimekunywa peke yangu. Mvua tangu alfajiri. Ndoo ukumbini, sufuria juu ya kabati. Cherehani nimeifunika nailoni. Sare za shule za watu zimelala, siwezi kushona na vumbi la udongo linadondoka kutoka darini.

Nyumba hii alijenga baba mkwe, Mungu amrehemu. Matofali mabichi juu ya msingi wa mawe. Hapa Kihesa wanaisifu hadi leo. Wanaisifu wakiwa nje. Mume wangu Saidi alisema tutaitengeneza kabla ya masika. Saidi yuko njiani na lori lake, Mbeya, Tunduma, Zambia, na mvua imemtangulia.

Mtoto anapiga teke upande wa kulia. Katikati ya Februari napanda basi kwenda Mombasa. Kwetu mimba ya kwanza mtu huizalia kwa mamake. Saidi amekubali. Siku zangu zote naziegemeza hapo.

Alhamisi, 13 Januari

Fundi amekuja. Ananuka ulanzi, pombe yao ya mianzi. Mianzi imeanza kutoa na mafundi wa Iringa hawashikiki.

Alitundika timazi kupima wima wa ukuta wa nyuma, chumba cha Mama mkwe. Ukuta umetoa tumbo nje. Chini maji yameula, ukichomeka kidole kinaingia. Anasema dawa ni kuubomoa na kuanza upya. Vinginevyo tuuwekee nguzo za kuegemeza tukiomba Mungu mvua yote hii.

Mama mkwe alikuwa amesimama na jembe begani. Alisema hapana, akaenda zake shambani. Hakueleza. Akiwa na fundi anaongea Kihehe. Akiwa na mimi Kiswahili, akipenda.

Kitanda chake kimegusa ukuta ule ule. Amelala hapo tangu alipoolewa. Naogopa. Nikiogopa nakuwa mkali, najijua.

Jumapili, 16 Januari

Saidi amepita. Amekula, amelala, ameondoka. Nilimwonyesha ukuta. Akaupapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe mgonjwa. Anasema bati mpya zipo Mbeya, atazipakia akirudi. Kuhusu ukuta anasema nizungumze na Mama taratibu. Kwa nini mimi? Yeye ndiye mwanawe.

Jumanne, 25 Januari

Seremala Sanga ameezua bati za upande wa nyuma. Mbao za kenchi zinazobeba paa zilikuwa unga mtupu. Nguzo tatu zimeegemea ukuta kwa nje. Juu tumetandika turubali kuukuu la lori.

Nilimwomba Mama ahamie chumba chetu, mimi nilale ukumbini. Amenishukuru. Amekataa. Turubali linapiga kelele juu yake kwa upepo, naye amelala humo.

Bati hazijafika. Dereva mwenzake Saidi amepitisha salamu: lori la Saidi limeharibika Uyole, anangoja kipuri. Sijui kama anangoja siku au wiki.

Ijumaa, 28 Januari

Tumegombana. Nilimwambia ukuta utamuua. Akasema ukuta umemlinda kabla mimi sijazaliwa. Nikasema kwetu watu hawaabudu udongo. Nilipolisema tu nikajua limekwenda mbali. Aliendelea kuchambua maharage yake hadi mwisho.

Sitaki kuomba radhi. Mgongo unauma. Baridi ya hapa haina huruma, na wenyeji wanasema hii si baridi, ningoje Juni. Juni sitakuwapo, nitakuwa kwetu nalea.

Jumapili, 6 Februari

Mpaka wa Kenya umefungwa.

Redio imetangaza. Sikuamini, nikaenda stendi. Mkata tiketi anasema hadi Tanga nitafika. Kutoka hapo hadi Lungalunga hapiti mtu. Nikamuuliza utafunguliwa lini. Alinitazama tumbo, akasema, "Dada, rudi nyumbani upumzike."

Nyumbani wapi?

Nilipoingia Mama alikuwa ameshasikia kwa majirani. "Basi utazalia hapa," akasema, akaendelea kupepeta. Hakusema kwa ubaya. Kwa ubaya ningejua la kumjibu.

Nimelia chooni ili asinisikie.

Jumatatu, 7 Februari

Nimeubomoa.

Mama alitoka mapema kwenda shambani. Fundi Kihwele alikuja na vibarua wawili kuongeza nguzo. Nikamwambia leo haongezi nguzo, anabomoa. Alikataa. Yeye na Saidi wamekua pamoja, wamechunga pamoja. "Shemeji," akasema, "nyumba hii ina mwenyewe." Nikamwambia mwenyewe ataangukiwa, na kaburi atachimba yeye. Akawatazama vibarua. Vibarua wakatazama chini. Akashika sururu.

Ukuta haukushindana nao. Ulijikunja ukakaa chini kama mtu aliyechoka. Kabla ya adhuhuri chumba kilikuwa wazi, unaona migomba ya jirani na milima nyuma yake. Nilifurahi. Naandika ukweli. Nilisimama hapo na tumbo langu, nikafurahi kwamba kuna kitu kimoja nilichoamua mwezi huu kikawa.

Mama alirudi na mzigo wa mboga kichwani. Alisimama uani. Hakuutua. Alitazama muda mrefu, kisha akatazama kitanda chake tulichokisogeza ukumbini. Alichukua blanketi, kanga na msala, akatoka. Mboga ameziacha kizingitini.

Jirani kasema amekwenda Kalenga kwa dada yake. Sikumzuia. Hata jina lake sikuliita.

Jumatano, 9 Februari

Fundi haji. Si ulanzi safari hii. Anaona haya.

Bombani wanawake wananisalimia "Kamwene" kwa adabu zote, kisha kimya hadi ndoo ijae. Nyuma ya nyumba kuko wazi. Nimebandika mlango wa zamani na magunia. Mbwa wa watu wanaingia. Vifusi vimelowa vimekuwa tope, tope linatambaa kuja ukumbini.

Hakuna wa kugombana naye. Sikutegemea kwamba hilo ndilo litakaloniuma.

Jumamosi, 12 Februari

Saidi amefika na bati. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakunipa nafasi ya hata moja. Alizunguka nyuma, akarudi, akauliza mama yake yuko wapi. Nikamwambia.

"Umevunja nyumba ya mama yangu akiwa shambani."

Nikasema ukuta ungemuua. Akasema huenda. Nikasema mpaka umefungwa, sina pa kwenda, sina mama, sina mtu, kila mtu hapa anaongea lugha nisiyoijua. Akasikiliza yote. Kisha akateremsha bati peke yake, mvua ikimnyeshea, nami nimesimama mlangoni. Nilitaka apige kelele.

Amelala kwenye lori. Kabla hajaondoka amesema jambo moja. Yeye hatakwenda Kalenga. Aliyemtoa ndiye atakayemrudisha.

Namchukia. Ana haki. Vyote viwili.

Jumatatu, 14 Februari

Nimekwenda Kalenga. Gari la abiria hadi njia panda, halafu miguu. Miguu imevimba, nikavua viatu. Nyumba ya Mama mdogo ni ndogo, moshi umejaa hadi mlangoni. Nilipiga magoti nikasalimu kama walivyonifundisha. Mama aliitikia. Akanisogezea kigoda na ungo wa mahindi. Tukapukuchua. Dada yake alizungumza wakati wote: kuku, mvua, mkwe wake wa Makongolosi anayetafuta dhahabu na hapati. Mama alipukuchua tu.

Dada yake alipotoka kufukuza mbuzi, nikasema, "Mama, nimekukosea."

Aliendelea na hindi lake. Kisha akasema, kwa Kiswahili, polepole:

"Ukuta ule nilikanyaga udongo wake kwa miguu yangu, mimi na baba yake Saidi. Nimezaa watoto sita pembeni yake, nimezika wanne. Ulikuwa umeoza. Najua. Unafikiri mimi ni kipofu?"

Nikachukua hindi jingine.

"Ungeniambia ni leo. Ningekuja kusimama pale. Ningeshika sururu mimi wa kwanza."

Nikamwambia alikuwa amekataa. Akasema ndiyo, alikataa. Alikataa jana na juzi. Mtu akikataa unamuuliza tena kesho. Mzee hasemi ndiyo siku ya kwanza.

Nilimwuliza kama atarudi nami. Akasema giza litanikuta njiani, niende. Amenifungia uji kwenye chupa. Hajasema atarudi.

Alhamisi, 17 Februari

Mama amerudi. Peke yake, kwa miguu, blanketi kichwani. Nilikuwa nafua. Akasema dada yake ana mdomo sana, hawezi kukaa naye. Basi. Akaingia jikoni akaonja mboga yangu, akaongeza chumvi.

Sijasamehewa. Lakini yumo ndani.

Analala kitandani mwangu. Nami napumzika zaidi kumsikia akikoroma kuliko nilivyopumzika wiki nzima.

Jumatano, 2 Machi

Kazi imeanza tena. Mama mwenyewe alimfuata Fundi Kihwele kilabuni, akamtoa mbele za watu. Saruji haipatikani mji mzima. Tunajenga kwa matofali ya kuchoma na udongo, saruji tutapaka nje ikija. Sanga amepandisha kenchi mpya juu ya nguzo, zinangoja ukuta uzifikie.

Tumegombana kuhusu dirisha. Nataka kubwa, nipumue. Mama anataka dogo kwa ajili ya baridi. Tumegombana mbele ya fundi, kwa sauti, hadi akaketi kusubiri. Nimemwuliza Mama jana, nikamwuliza leo, kesho nitamwuliza tena. Nafikiri ameshagundua. Mdomo wake ulicheza kidogo.

Jumatano, 9 Machi

Dirisha la kati. Hakuna aliyefurahi. Ukuta umefika kifuani kwangu.

Udongo haukauki. Kila alasiri wingu linakuja kutoka upande wa Ndiuka na fundi anakimbia kufunika. Anasema siku tatu za jua tu, anaziomba. Jua halimsikii.

Usiku tumbo linakaza na kuachia. Mkunga anasema bado. Nawaza mamangu. Sasa hivi angekuwa ananisinga mgongo kwa mafuta ya nazi. Barua niliyompelekea, karani wa posta amesema hajui itapita wapi.

Alhamisi, 17 Machi

Naandika hospitali. Mkono hauna nguvu lakini nisipoandika leo nitasahau ilivyokuwa.

Jana alasiri ukuta ulikuwa umefika kwenye kenchi. Umelowa, sehemu ya juu imejengwa asubuhi ile ile. Dhoruba ikaja mara moja, mawe ya mvua. Turubali likang'oka upande mmoja. Fundi alipanda juu, Mama akashika pembe moja, nami nikashika nyingine. Mama alinipigia kelele niingie ndani. Sikuingia. Upepo unalivuta turubali, tunalivuta. Nilifikiri: huu hautaanguka. Huu wa pili hautaanguka mikononi mwangu.

Ndipo uchungu ukanikata. Sio wa kukaza na kuachia. Nilikwenda chini kwenye tope, turubali bado mkononi.

Mama aliachia pembe yake. Fundi akapaza sauti kutoka juu, "Mama, ukuta unaanguka!" Nikamsikia Mama akisema, wala hakugeuka: "Acha uanguke."

Alinishika makwapani akanivuta hadi barazani. Kizee kama yule, sijui nguvu alizitoa wapi. Sauti ya matofali niliisikia nyuma yetu. Hakutazama. Alikuwa ananifuta matope usoni kwa kanga yake na kusema maneno ya Kihehe, mengi, ya chini chini. Sikuelewa hata moja na sikuhitaji.

Fundi alikimbia barabarani, akasimamisha gari la viazi. Tumekwenda hospitali juu ya magunia, kichwa changu mapajani kwa Mama, mvua juu yetu.

Mtoto wa kike. Kabla ya siku zake, mdogo, lakini analia vizuri. Alizaliwa kabla ya magharibi.

Alhamisi, 24 Machi

Tumeruhusiwa. Kilichoanguka ni pembe na nusu ya juu. Fundi Kihwele ameshaijenga tena, hakungoja kuambiwa. Amekonda. Nimemwomba radhi kwa maneno yale ya kaburi. Akasema shemeji anatukana vizuri kuliko wanaume wa kilabuni.

Saidi amekuja kutoka Mbeya. Alimbeba mtoto akiwa amesimama, akaogopa kuketi naye. Hatujazungumza mengi. Nimemkanda mabega. Kuna ambayo bado yapo kati yetu, nayajua, naye anayajua. Yatangoja.

Jumatatu, 4 Aprili

Asubuhi bila mvua. Sanga amepigilia bati za mwisho, amekusanya misumari iliyopinda, ameaga. Plasta bado. Mpaka bado umefungwa.

Chumba cha nyuma kinanuka udongo mbichi. Mama amerudisha kitanda chake humo, akatandika kwa mkono, akatoka, akaja kuketi nami jikoni kwenye joto. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu. Saidi ametuachia sisi jambo la jina na siku zimepita.

Mama aliuliza, "Mama yako anaitwa nani?"

Nikamwambia Rukia.

Alilijaribu mdomoni. Herufi R ulimi wake hauna. Akainama, akamwita mtoto, "Lukia." Akamwita tena.

Sikumsahihisha. Nimeweka maharage motoni.